Mtoto aliyeletwa mjini kufanya kazi za ndani akishatolewa kwenye ile nyumba, nini kinafuata?

Mama Mlezi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikitoka habari ya watoto waliokamatwa stendi wakiletwa mjini kwenye kazi za ndani, tunaandika "hongera polisi", tunamlaani dalali, uzi unakufa. Leo naomba tuanzie pale unapofia. Mtoto ametolewa kwenye ile nyumba, ni saa nne usiku. Analala wapi? Kesho anakaa na nani? Na mwezi ujao atakuwa mikononi mwa nani?

Mimi ni mlezi wa kuaminika hapa Dar es Salaam, mwaka wa sita huu. Kwa asiyejua, mlezi wa kuaminika ni mwananchi wa kawaida ambaye ofisi ya ustawi wa jamii imemchunguza, ikamfundisha, naye akakubali kumpokea nyumbani kwake mtoto aliyeondolewa kwenye hatari. Anakaa naye kwa muda, huku ustawi na mahakama wakitafuta pa kumpeleka. Mshahara silipwi. Nilikubali kwa sababu niliona watoto wakilazwa kwenye benchi la kituo cha polisi maana makao ya watoto yamejaa au yako mbali.

Nitawasimulia mtoto mmoja tu, na jina lake silitaji hata la kubuni.

Aliletwa na askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mkononi ana mfuko wa rambo, ndani yake sketi ya shule na kanga moja. Miguuni ndala mbili zisizofanana, moja nyekundu, nyingine ya bluu. Vidole vyake vilikuwa vyeupe, ngozi imechubuka kwa jiki na sabuni ya unga. Nikampa ugali na maharage. Alipomaliza akainuka, akakusanya sahani za nyumba nzima, akaenda kusimama kwenye sinki. Nikamwambia, "Mwanangu, acha, utaosha siku nyingine." Hakuziacha. Alisimama pale na sahani mkononi kama anayesubiri kofi. Saa nane usiku nikaenda kumchungulia. Kitanda hakijaguswa, yeye yuko sakafuni kajifunika kanga hadi kichwani.

Usiku ule alinitajia jina, akasema ana miaka 18 na kwamba yule mama mwenye nyumba ni shangazi yake. Siku ya tatu, tukiwa tunachambua mchele, bila mimi kumuuliza, akasema jina lake si lile. Umri wake ni miaka 13. Shangazi hakuwepo. Kulikuwa na mwanamke aliyefika kijijini kwao Singida na vipande vya sabuni na ahadi ya kuwafundisha mabinti cherehani. Walipanda basi watatu. Walipofika Mbezi walilazwa siku mbili kwenye chumba kimoja, kisha wakagawanywa, kila mmoja na nyumba yake. Tangu siku hiyo hajawaona wenzake. Alifanya kazi miezi kumi na moja bila senti, maana aliambiwa mshahara "unatumwa kwa mama".

Nawaeleza haya ili muone kwamba ule uongo wa siku ya kwanza ni sehemu ya kesi yenyewe. Mtoto amefundishwa cha kusema. Afisa mwenye haraka huandika "umri 18, anaishi na ndugu", faili linafungwa, mtoto anarudishwa kule kule. Mtu wa kwanza kukutana na mtoto wa aina hii anapaswa kumlisha, kumlaza na kumwacha apumue kabla ya kumhoji.

Sasa kuhusu sheria. Tanzania tuna Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya 2008 na Sheria ya Mtoto ya 2009. Ile ya 2008 inasema ridhaa ya mtoto, mzazi au mlezi wake si utetezi. Dalali hawezi kujitetea kwamba "mama yake mwenyewe alinikabidhi". Tena aliyesafirishwa akiwa mtoto, kosa linahesabiwa kuwa zito zaidi kuliko la mtu mzima. Na hakuna haja ya kuthibitisha kwamba alidanganywa au alifungwa kamba. Ukimchukua mtoto na kumsafirisha ili atumikishwe, hilo peke yake linatosha. Ndivyo pia inavyosema Itifaki ya Palermo ya 2000, ile ya Umoja wa Mataifa dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu, ambayo nchi yetu imeiridhia.

Nasisitiza hili kwa sababu ya kilichotaka kutokea kwa huyu mtoto. Jirani mwenye genge ndiye aliyeona alama ya kuchomwa kwa pasi mkononi mwake, akapiga 116, namba ya simu ya kuripoti mtoto anayeteswa. Mwenye nyumba aliponusa kwamba mambo yamevuja, akawahi kituoni kufungua shauri la wizi: binti kaiba simu. Kwa hiyo siku ya kwanza mtoto alikuwa kwenye vitabu kama mtuhumiwa. Kama yule askari wa dawati asingepita kaunta saa ile na kuuliza "huyu mtoto ana umri gani na kalala wapi jana?", mimi nisingemjua kabisa.

Naendelea chini, ni ndefu.

Mama Mlezi (mleta uzi)

Asubuhi yake zikaanza taratibu. Fomu ya PF3 (ile ya polisi ya kwenda nayo hospitali), kisha hospitali: kovu likapimwa na kuandikwa, uzito ukachukuliwa, akaangaliwa kama ameingiliwa. Umri ulileta shida maana hana cheti cha kuzaliwa. Afisa ustawi akapiga simu shule aliyosoma, mwalimu mkuu akatuma picha ya ukurasa wa daftari la uandikishaji. Karatasi moja tu, na hadithi ya miaka 18 ikaishia hapo.

Kisha Mahakama ya Watoto. Wengi mnadhani mahakama hiyo ni ya watoto waliokosa tu. Inashughulika pia na mtoto anayehitaji ulinzi na matunzo. Kesi husikilizwa faragha na afisa ustawi anakuwepo. Hakimu anaweza kutoa amri ya matunzo, yaani mtoto atolewe kwa anayemtesa na kukabidhiwa kwa mlezi wa kuaminika au makao, kwa muda usiozidi miaka mitatu au hadi atimize 18, lolote litakalotangulia. Anaweza pia kutoa amri ya usimamizi, mtoto akakaa nyumbani lakini ustawi wakawa wanamfuatilia, na hiyo haizidi mwaka mmoja.

Sasa nifike kwenye kiini cha uzi huu.

Mtoto wangu wa kwanza kabisa kumpokea, mwaka ule nimemaliza mafunzo, alirudishwa kwao siku ya tisa. Siku tisa tu! Ofisi iliyokuwa inamshughulikia, ambayo siitaji, ilipata gari la shirika lililokuwa linaelekea mkoa ule, ikaona hiyo ni nafasi. Mtoto akapelekwa, akakabidhiwa kwa mjomba wake, mjomba akasaini, picha ikapigwa. Mimi nilimfungia vitenge viwili na daftari, nikalia kwa furaha. Baada ya miezi minne nikapigiwa simu kutoka mtaa mwingine hapa hapa Dar: kuna binti ameokotwa, anasema anamfahamu "mama wa maharage". Alikuwa yeye. Yule mjomba aliyesaini ndiye aliyempokea dalali mara ya kwanza, na akampokea tena mara ya pili.

Ile picha ya makabidhiano bado ninayo. Sijawahi kuifuta.

Tangu hapo nimekuwa mkaidi. Nauliza kila mara: nani amekwenda kwenye hiyo nyumba? Nani amekaa na mama yake bila baba kuwepo? Nani alishika pesa ya dalali? Utaratibu unataka afisa ustawi wa kule anakotoka mtoto aifikie familia na kuandika ripoti kabla mtoto hajapandishwa basi. Nauli ya afisa huyo ndiyo inayokwamisha. Halmashauri nyingine ina afisa mmoja kwenye eneo ambalo kulizunguka kwa pikipiki ni siku nzima, na mafuta anajinunulia.

Kwa huyu wa ndala mbili tulisubiri miezi mitano. Afisa wa wilaya yao alikwenda mara mbili. Mara ya kwanza alijibiwa na baba mdogo pale nje: "hakuna shida, mleteni." Mara ya pili akamfuata mama shambani. Mama hakujua chochote kuhusu mshahara wala cherehani. Aliambiwa binti kaenda shule ya bweni. Baba mdogo alikuwa amepokea shilingi elfu thelathini.

Mtoto hakurudishwa kwenye kaya ile ile. Alipelekwa kwa mama yake mkubwa, kata nyingine, na mama yake mzazi anamfikia kwa miguu.

Mwalimu wa Vijijini

Mama Mlezi, Mungu akubariki. Nafundisha shule ya msingi huko huko unakokusema, siyo kijiji hicho lakini hali ni ile ile.

Niwape kitu ambacho watu wa mjini hamkioni. Madalali wana msimu. Mtihani wa darasa la saba unafanyika Septemba, kidato cha kwanza kinaanza Januari. Katikati hapo mtoto yuko nyumbani, hana shule, mzazi anawaza sare na madaftari (ada imeondolewa, lakini mahitaji yapo), na akiba ya chakula imepungua, ndiyo kwanza watu wanalima. Ndani ya miezi hiyo unawaona wageni. Hawaji na gari. Wanakuja kama ndugu wa mtu, wanakaa siku tatu, wanahudhuria msiba, wanagawa sukari.

Mimi nilianza kugundua kwa kiti kitupu. Mtoto amefaulu, amepangiwa shule, Januari hayupo. Ukiuliza: "kaenda kwa dada yake Dar." Dada yupi? Kwao ni mzaliwa wa kwanza.

Tulikaa na serikali ya kijiji tukakubaliana: hakuna mtoto chini ya miaka 18 anayeondoka na mtu bila kupita kwa mtendaji. Daftari linaandikwa jina la anayemchukua, namba ya simu, anakokwenda, na nani atampigia mzazi. Dalali hapendi daftari. Lakini waliotusaidia kuliko wote ni bodaboda. Watoto huondolewa alfajiri kwenda kusubiri basi barabarani kwenye lami, na anayewabeba ni bodaboda wetu. Tulipowaita na kuwaeleza, wakaanza kupiga simu wenyewe: "Mwalimu, nina binti wako hapa na mama nisiyemjua." Mwaka juzi walirudishwa wanne kabla basi halijafika.

Mzee Kibanda

Nasoma kwa heshima, lakini niseme upande wa pili, msinishambulie. Dada yangu alikuja mjini na miaka 14 kufanya kazi za ndani. Mwenye nyumba alikuwa mtu wa dini, akampeleka kujifunza ushonaji, leo ana duka lake na ndiye aliyetusomesha sisi wadogo. Kwao kijijini angepata nini? Mkizifunga hizi njia zote mnawafungia maskini mlango pekee waliokuwa nao.

Mama Mlezi (mleta uzi)

Mzee Kibanda, shikamoo. Hakuna wa kukushambulia. Dada yako namfurahia kwa moyo wote.

Sheria ya Mtoto haimkatazi kila mtoto kufanya kazi. Imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa, na kazi yenyewe iwe nyepesi, isimdhuru afya wala kumzuia shule, isiwe ya usiku. Kwa hiyo nikiitwa kwenye nyumba siulizi tu "kuna binti wa kazi?" Nauliza mengine. Ana simu ya mama yake, na anaruhusiwa kuipiga akiwa peke yake? Mshahara anaushika nani? Akisema kesho naondoka, mlango utafunguliwa? Analala wapi? Analala saa ngapi na kuamka saa ngapi? Nani alilipwa ili yeye afike hapa?

Dada yako, nadhani, angejibu hayo bila kuangalia mlangoni kwanza. Huyu wangu kila swali alikuwa anaangalia mlango.

Na kuhusu umaskini, uko sahihi kuliko unavyodhani. Ndiyo maana kumrudisha mtoto bila kugusa kilichomwondoa ni kumpa dalali kazi ya mwezi ujao. Kwa yule mama mkubwa tulihakikisha familia inafikiriwa kwenye ruzuku ya TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, na mtoto anarudi darasani. Tangu Novemba 2021 kuna waraka wa elimu unaoruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kurejea, wakiwemo mabinti waliojifungua. Watendaji wengine bado hawaujui, unakwenda nao mkononi. Kwa aliyepitwa na umri kuna MEMKWA, mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa, na mkubwa zaidi kuna vyuo vya ufundi vya VETA.

Nyota ya Asubuhi

Nimesoma uzi huu tangu jana, nimeandika na kufuta mara tatu. Mimi nililetwa mjini na miaka 12. Leo ni mtu mzima, nina watoto.

Sitaeleza ile nyumba. Nataka kusema kuhusu baada ya kutoka, kwa sababu mleta uzi ameuliza hilo na hakuna mtu aliyewahi kuniuliza.

Nilisimulia mara saba. Nilihesabu. Mtendaji wa mtaa, askari wa kaunta, askari wa dawati, daktari, ustawi, mtu wa shirika, wakili wa serikali. Mara ya kwanza na ya pili nilisema kila kitu. Mara ya tano nikawa nimechoka, nikaanza kupunguza. Mengine nilianza kuona aibu kuyasema kwa sababu niliona wanavyoinua nyusi. Basi kule mahakamani wakili wa yule mama akasimama na karatasi mbili, akasoma nilichosema pale na nilichosema hapa, akauliza, "Shahidi, lini ulikuwa unadanganya?" Nilikuwa na miaka 13.

Cha pili. Hakuna aliyeniambia kesho nini kitatokea. Naambiwa "jiandae", napandishwa gari. Kila gari nilidhani narudishwa kwa yule mama. Afisa mmoja tu, mama mnene wa makamo, alikuwa kila siku kabla hajaondoka ananiambia: "Kesho tutakwenda mahali fulani, tutakaa saa mbili, tutarudi hapa hapa kula." Na kweli tunarudi kula. Yule mama sijui alisoma chuo gani, lakini yeye ndiye aliyenitibu.

Mama Mlezi (mleta uzi)

Nyota, asante mwanangu, au mdogo wangu, sijui umri wako. Pole sana. Ulichoandika kinapaswa kusomwa kwenye kila mafunzo.

Wanaosoma, hilo la mara saba lina dawa na dawa yenyewe ipo nchini. Vituo vya Mkono kwa Mkono viliwekwa kwa sababu hiyo: daktari, askari, afisa ustawi na mshauri wako chini ya paa moja hospitalini, mtoto anasimulia wote wakiwepo, hahamishwi ofisi kwa ofisi. Vilianzia Zanzibar, hospitali ya Mnazi Mmoja, kisha vikaja huku bara, hospitali ya Amana hapa Dar ikiwa miongoni mwa za mwanzo. Ila lazima mtoto apelekwe hapo moja kwa moja. Mtendaji au jirani akianza kumhoji mwenyewe kwa udadisi, akarekodi na simu akatupia kwenye makundi, amemharibia mtoto maisha na ameiharibu kesi.

Na mimi tangu leo nitamwambia kila mtoto kila jioni kesho kuna nini. Nilikuwa nafanya kwa baadhi, si kwa wote.

Mkazi wa Kayole

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Mimi niko Nairobi na niliwahi kujitolea katika makao ya watoto.

Kuna watoto wenu tunaowaona mitaani hapa, wengi ni walemavu, wako kwenye viti vya magurudumu wakiomba pesa kando ya barabara. Mtu mzima huwaleta asubuhi na kuwafuata jioni, na pesa yote huenda kwake. Ukimsalimia mtoto tu, Kiswahili chake kinakuambia ametoka upande wenu. Wazazi waliahidiwa kwamba mtoto ataletwa kutibiwa au kutafutiwa mfadhili.

Sheria yetu ya kupambana na usafirishaji haramu ya 2010 ni kali, si chini ya miaka 30 jela au faini isiyopungua shilingi milioni 30 za Kenya. Na tuna Sheria ya Watoto ya 2022. Lakini mahali sisi hukwama ni pale Mama Mlezi amesema. Mtoto akiokolewa, afisa wa watoto hapa lazima awasiliane na wenzake kule, barua ipitie ubalozi, familia itafutwe katika kijiji ambacho mtoto anakijua kwa jina la mlima tu. Wakati huo wote yuko kwenye makao. Nilimjua mmoja alikaa hadi akaanza kuongea kama mtoto wa Eastlands, mitaa ya mashariki ya Nairobi. Siku ya kurudi alikuwa anaogopa kuvuka mpaka wa Namanga kuliko alivyoogopa kuletwa.

Naomba jambo moja. Mtoto kama huyo akifika kwenu asikabidhiwe mpakani kisha basi. Awe na jina la afisa anayemngoja, na kitu cha kutembelea. Kuna mmoja alirudi bila hata magongo, kwa sababu kiti kilikuwa mali ya yule aliyekuwa anamtumia.

Bin Shaaban

Huku Unguja tuna Sheria yetu ya Mtoto ya 2011, kwa hiyo karatasi si zile zile za bara. Mtoto wa bara akipatikana hapa lazima ustawi wa pande mbili wazungumze, na pakikosekana mtu wa kufuatilia faili linalala. Shauri langu: ukiripoti, taja tangu mwanzo kwamba mtoto ametoka bara na mkoa gani kama unaujua. Inaokoa muda mwingi.

Jirani Mwema

Samahani kuwaingilia. Mimi nasoma hapa mikono inatetemeka. Nyumba ya tatu kutoka kwangu kuna binti, simdhanii kufika miaka 14. Alfajiri saa kumi yuko bombani, saa tano usiku namsikia anafua. Wiki iliyopita kichwa kilikuwa kimenyolewa vibaya kwa wembe. Mwenye nyumba ni mtu mkubwa hapa mtaani, na mtendaji ni rafiki yake. Nikiripoti watajua ni mimi. Nifanyeje?

Mama Mlezi (mleta uzi)

Jirani, umefanya vizuri kuuliza. Kwanza usiende kugombana pale nyumbani. Wakijua wanaangaliwa watamhamisha usiku huu huu, na ukimpoteza hapo hutampata tena. Pili, usimchukue wewe mwenyewe ukamficha kwako, hata kama moyo unakusukuma. Watakugeuzia kesi.

Piga 116. Ni bure, mtandao wowote. Ndiyo namba hiyo hiyo Kenya, na Uganda pia, kwa mnaosoma kutoka huko. Jina lako hulazimiki kulitoa. Toa alama za nyumba, umri unaoukadiria na ulichokiona kwa macho: alfajiri bombani, usiku kufua, kichwa. Ulichosikia kwa watu sema kwamba umesikia. Mtendaji unaweza kumruka, nenda ustawi wa jamii wa halmashauri au Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo kikubwa kuliko hicho cha jirani. Na ujue Sheria ya Mtoto inamtaka mwanajamii anayejua mtoto anavunjiwa haki atoe taarifa. Unatimiza wajibu, humfanyii mtu umbea.

Mwalimu wa Vijijini

Jirani, ukipata hata jina la shule aliyosoma au la mlima wa kwao, lete hapa kwa ujumbe wa faragha kwa Mama Mlezi, si hadharani. Sisi walimu tuna makundi yetu ya mikoa, daftari la uandikishaji linapatikana ndani ya siku moja.

Jirani Mwema

Nimepiga. Nilikuwa nimejifungia chooni. Dada aliyepokea aliniuliza mtaa, rangi ya geti, kama binti yuko hatarini usiku huu, kama kuna watoto wengine mle ndani. Jina langu aliuliza nikasema sitaki, hakunilazimisha. Kasema taarifa inakwenda kwa afisa ustawi wa halmashauri. Nikaeleza habari ya mtendaji na urafiki wao, akasema ameandika.

Sasa hivi nimetoka, afisa mwenyewe amenipigia. Anakuja kesho asubuhi na askari wa kike asiyevaa sare. Ameniomba nikae kwenye kibaraza changu tu, niwaoneshe geti kwa macho.

Mama Mlezi (mleta uzi)

Usimwambie binti neno usiku huu, hata ukimkuta bombani alfajiri. Msalimie kama siku zote.

Na kesho pika uji mwingi kidogo. Mara nyingi wanatoka mle hawajala, na njia ya kwenda hospitali na foleni yake ni ndefu.

Jirani Mwema

Nimeshaloweka ulezi.